Taa Usiyoiona Mwenyewe

Dereva wa lori alinifuata pale Mombo nikiwa nimeshamshusha mama, tunasubiri basi la Tanga. Alimwamkia mama kwanza, akamuuliza habari za safari, ndipo akanigeukia mimi. "Kaka, tangu Soni niko nyuma yako. Ukipunguza mwendo sina habari, nashtukia tu pikipiki iko puani kwangu. Taa yako ya breki haiwaki." Hakunipandishia sauti. Alikuwa na shehena ya kabeji ya kwenda Dar es Salaam, na mwenye shehena ya kabeji huwa na haraka, lakini aliegesha gari kwa ajili hiyo tu. Namshukuru mpaka leo, wala jina lake silijui.

Anayeijua barabara ya Mombo kwenda Lushoto kupitia Soni, kwenye milima ya Usambara, ataelewa kwa nini maneno yale yalinikaa rohoni. Ni kilomita 30 na ushee za lami nyembamba, upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mombo iko chini kabisa, kwenye joto la tambarare. Kushuka ni breki mwanzo mwisho. Asubuhi ukungu unaweza kulala barabarani mpaka jua lipande, na malori ya mboga yanashuka yakiwa yamelemewa. Lori namna hiyo halisimami ghafla kama pikipiki. Dereva anategemea akuone umeanza kupunguza ili naye aanze mapema, na kinachomwambia ni ile taa nyekundu peke yake. Nyuma yangu siku ile alikuwa amekaa mama yangu mzazi, mgongo wake ndio uliokuwa kati yangu na lile lori. Alikuwa anakwenda kutolewa mtoto wa jicho.

Nami taa hiyo nilikuwa nimeikagua alfajiri ile ile. Kabla sijamtoa mama ndani, niliisogeza pikipiki karibu na ukuta, nikakanyaga breki, nikaona wekundu umepiga ukutani. Pale Mombo, dereva akiwa bado amesimama, nikakanyaga tena. Ikawaka. Akatikisa kichwa, akasema, "Sasa hivi inawaka. Kule juu haikuwaka hata mara moja." Nilimwamini. Mtu hasimamishi lori kuja kukudanganya.

Wiki ile nilikwenda gereji mara mbili. Mara ya kwanza fundi alitoa globu, akaitazama kwenye mwanga, akaweka mpya. Ikawaka, nikalipa. Siku mbili baadaye nilimpakia mwalimu mwenzangu kutoka Soni, na mwenzetu mwingine akaja nyuma na pikipiki yake. Tulipofika akaniambia haikuwaka njia nzima. Nikarudi gereji, fundi akabadilisha swichi ya breki ya nyuma. Ikawaka tena, nikalipa tena. Simlaumu fundi. Pikipiki ilifika kwake ikiwa nzima, na mgonjwa akifika kwa daktari hana homa, daktari atampima nini? Lakini nilijua kwamba kubadilisha kifaa kimoja kimoja mpaka tatizo lichoke si njia. Nikaamua nikae nayo mwenyewe Jumamosi, chini ya mparachichi nyumbani.

Mimi nafundisha fizikia sekondari. Somo lenyewe tunalifundisha kwa Kiingereza, na nimewaona wanafunzi wanaoandika vizuri kabisa habari za saketi kwenye mtihani, kisha wakashindwa kunieleza kwa nini taa ya breki inawaka kwa breki ya mbele na kwa breki ya nyuma vilevile. Kwa hiyo nitaieleza hapa kwa lugha tunayoongea tukiwa tumechuchumaa kando ya pikipiki.

Umeme unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, unakwenda kwenye swichi ya ufunguo. Ukiwasha ufunguo, waya mmoja unaupeleka umeme huo kwenye swichi mbili za breki. Moja iko chini ya mkono wa breki ya mbele, ndogo kama punje ya hindi. Ya pili iko karibu na mguu wa kulia, imeunganishwa na pedali kwa springi. Kila swichi ni mlango, na ukifungua mmoja tu umeme unapita. Zikishapita milango hiyo njia mbili zinakutana na kuwa waya mmoja, unaokimbia chini ya kiti hadi taa ya nyuma. Unaingia kwenye globu, unawasha uzi, kisha unarudi kwenye betri kupitia waya wa ethi na chuma cha pikipiki.

Globu yenyewe ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja. Kwenye pikipiki nyingi ndogo zinazotumia globu ya kawaida utakuta imeandikwa 12V 21/5W. Ule wa wati 5 ni taa ya nyuma inayokaa imewaka usiku, ule wa wati 21 ni wa breki. Nyuzi zote mbili zinarudi kwa ethi moja. Ukitazama kitako chake utaona vile vijipini viwili vya pembeni havilingani, kimoja kimekaa juu kuliko kingine. Vimewekwa hivyo makusudi ili globu isiingie kinyume. Nimeshaona watu wanaikandamiza hivyo hivyo mpaka inaingia kinyume. Matokeo yake uzi wa breki unawaka usiku kucha, na ukikanyaga breki unawaka ule mdogo, ambao hakuna atakayeutofautisha.

Ukishaijua njia hiyo, swali la kwanza haliko kwenye globu. Swali la kwanza ni hili: inakataa kwa breki zote mbili au kwa moja? Ikiwaka kwa breki ya mbele na kukataa kwa ya nyuma, basi globu, ethi na waya mrefu wa chini ya kiti viko salama. Tatizo liko kwenye swichi ya nyuma, au springi yake imechomoka, au nati yake imelegea. (Nati hiyo ukiirekebisha, shika mwili wa swichi kwa mkono mmoja usizunguke, kisha zungusha nati peke yake. Ukizungusha mwili unazikata waya zake kwa chini.) Ikikataa kwa zote mbili, si rahisi swichi mbili zife pamoja. Tafuta kabla ya milango, yaani fyuzi na ufunguo, au baada ya milango, yaani waya, globu na ethi. Bonyeza honi, washa indiketa. Vikifanya kazi, kwa kawaida umeme wa betri unafika mbele vizuri, kwa hiyo unabaki na upande wa nyuma.

Taa kubwa ya mbele isikudanganye hapa. Kwenye pikipiki nyingi ndogo taa kubwa inapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili za injini, haipiti kwenye betri. Betri inaweza kuwa imekufa kabisa, ukapiga kiki, ukaondoka na mwanga mkali mbele, huku nyuma huna breki, huna indiketa, honi inakoroma. Nawajua vijana wanaoendesha hivyo miezi, kwa sababu wanachokiona wao ni kile kilicho mbele yao.

Basi nikaanza. Yangu ilikuwa imekataa kwa breki zote mbili, kwa ushahidi wa watu wawili wa barabarani, maana kule mlimani nilikuwa natumia zote. Honi na indiketa zilikuwa nzima. Taa ndogo ya nyuma mwenzangu aliiona inawaka, na kwa kuwa inatumia ethi ile ile, ethi nayo ilikuwa nzima. Globu ilikuwa mpya. Kilichobaki ni kitu kimoja, waya wa breki, kuanzia pale njia za swichi zinapokutana hadi kwenye soketi ya taa. Mita moja na kidogo ya waya. Nilikuwa nimeshanunua globu na swichi, na tatizo muda wote lilikuwa kwenye mita moja ya waya.

Lakini waya uliokatika haupitishi umeme asubuhi na kuukataa mchana. Nilikaa pale nikifikiri nini kilikuwa tofauti kati ya ukutani kwangu na barabarani. Mtikisiko? Nikaitikisa pikipiki, nikavuta waya huku na huku, taa ikaendelea kuwaka. Joto la injini? Nikaiwasha robo saa. Ikawaka. Nikakumbuka kwamba katikati ya wiki nilikwenda shuleni peke yangu, mlinzi akaniambia getini kwamba taa inawaka vizuri tu. Peke yangu inawaka. Nikiwa na mama haikuwaka. Nikiwa na mwalimu mwenzangu haikuwaka.

Nikamwita mke wangu. Nikamwomba apande kiti cha nyuma, akae kabisa, aache uzito wote. Nikakanyaga breki. Ukuta ukabaki na rangi yake.

Alishuka, ikawaka. Akapanda, ikazimika. Tulirudia mara nne au tano, naye akaanza kufurahi kuliko mimi.

Nikafungua kiti. Chini yake, pale bati la kiti linapokalia bomba la fremu, fungu la waya lilikuwa limepita juu ya bomba badala ya kupita ubavuni. Kila abiria aliyekaa alikuwa anausaga waya kati ya bati na bomba. Ganda la plastiki halikuwa limepasuka, lilikuwa limebonyea tu na kung'aa kidogo. Ukiutazama kwa macho ungeupitisha. Nadhani fundi naye aliutazama, mara zote mbili.

Hapo nilijifunza jambo ambalo vitabu vyangu vya shule havikunionyesha hivi. Nilichukua mita ya kupimia umeme, nikamwomba mke wangu akae tena (kiti tulikirudisha bila kukifunga), nikachomoa waya kwenye soketi ya taa na kupima. Mita ikasoma volti 12.3. Umeme ulikuwa unafika! Nikarudisha waya kwenye soketi, taa haikuwaka. Mtu angeweza kuapa pale kwamba globu ndiyo mbovu, kwa sababu mita imesema.

Mita haikudanganya, ila iliulizwa swali jepesi. Mita ya kawaida inavuta umeme mdogo mno, ukinzani wake wa ndani hufika omu milioni 10. Nyuzi za shaba ndani ya ganda lile zilikuwa zimekatika zote, ncha zake zimeota ukoga wa kijani, na mtu akikaa juu zinabaki kugusana kwa kuegemeana tu. Kwa umeme ule mdogo wa mita, ncha hizo ni njia ya kutosha. Globu ya wati 21 haitaki matone. Kwa volti 12 inahitaji ampea 1.75, na njia ile ya ukoga haiwezi kuipa. Umeme wote unaishia pale pale kwenye ukoga. Ni sawa na bomba la maji lililoziba, koki ya chini imefungwa. Kipimo cha presha kitakuonyesha presha kamili kwa sababu maji yamesimama. Fungua koki ndoo ijae, ndipo utajua hakuna kitu.

Ndiyo maana sasa siendi kwenye taa na mita peke yake. Nimechukua globu ya zamani ya wati 21, nikalehemu waya mbili, mmoja kwenye kitako na mmoja ubavuni, nikaweka vibanio mwishoni. Hiyo inavuta mzigo kama taa yenyewe. Kibanio kimoja kwenye chuma kisafi cha fremu, kingine kwenye waya unaoupima, kisha unakanyaga breki. Ikiwaka kwa nguvu, mpaka hapo njia ni nzima. Unasogea hatua inayofuata. Ikizimika, tatizo liko kati ya pale ilipowaka mwisho na pale ilipozimika. Kwa pikipiki, kifaa hicho cha bei ya globu moja kimenisaidia kuliko mita.

Kutafuta rangi ya waya hakukunisumbua. Pikipiki nyingi za Kichina zinazotembea huku zimetokana na Honda CG125 ya mwaka 1976, na nyingi zimefuata rangi zake pia. Mweusi ni umeme wa baada ya ufunguo, kijani ni ethi, kahawia ni taa ndogo ya nyuma, kijani chenye mstari wa njano ni breki. Pikipiki za India zina rangi zake tofauti, usizifuate hizi. Na pikipiki yoyote ambayo imeshapita mikononi mwa mafundi watatu, rangi ni ushauri tu. Fuata waya kwa vidole.

Nilikata sehemu mbovu, kama upana wa kiganja. Nilipoichana kwa wembe, ndani kulikuwa na unga wa kijani na vinyuzi vilivyosimama kama manyoya ya kuku aliyelowa. Nikaunga kipande kipya cha unene ule ule, nikalehemu, nikavisha vimpira, nikaufunga waya ubavuni mwa fremu mbali na bati la kiti. Kuna jambo moja hapa naomba wenye haraka walizingatie. Risasi ya kulehemia ikipoa inaufanya waya uwe mgumu kama kijiti, na mtikisiko wa injini utauvunja pale pale ugumu unapoanzia. Kwa hiyo kiungo kisining'inie. Kifunge pande zote mbili, kilale juu ya kitu, kisipate nafasi ya kucheza. Kusokota waya na kuzungushia nailoni ya mfuko, kama tunavyofanya njiani, ni kwa ajili ya kufika nyumbani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikagua taa za watu. Vijana wa bodaboda pale kijiweni Soni wamenizoea, nikifika jioni wanakanyaga breki mmoja mmoja na mimi nasimama nyuma. Nimekuta mambo mengi. Mmoja, akikanyaga breki, ile taa ndogo ya nyuma inazimika badala ya kuongezeka mwanga. Hiyo ni ethi. Waya wa ethi kwenye soketi ulikuwa umelika kwa kutu, na umeme ukikosa njia ya kurudi unageuka kutafuta njia nyingine kupitia ule uzi wa pili. Msasa kidogo na skrubu kukazwa, ikaisha. Mwingine fyuzi yake ilikuwa inakatika kila baada ya siku mbili, akachoka, akaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nilimsihi aitoe mbele yangu. Fyuzi inayokatika pale tu unapokanyaga breki inakuambia wazi kwamba waya wa baada ya swichi umechubuka na unagusa chuma. Ukiiziba mdomo kwa karatasi, kinachofuata kuungua ni waya wenyewe, na tangi la petroli liko hapo juu yake. Tuliukuta waya umechubuliwa na ukingo wa madigadi.

Kuna aliyekuwa anaua globu kila mwezi. Nilipima betri injini ikiwa inanguruma, mita ikapita volti 16. Hapa ndipo mahali pa mita. Chaji ya kawaida ni volti 14 na kitu. Kidhibiti chaji kilikuwa kimekufa, na globu zilikuwa zinalipia deni lake.

Lakini walionitia wasiwasi zaidi ni wawili ambao taa zao za breki zilikuwa zinawaka muda wote. Wenyewe waliona ni sawa, taa si inawaka? Swichi ya mmoja ilikuwa imekazwa mno, springi inaivuta hata mguu ukiwa mbali. Ya mwingine, swichi ya mbele ilikuwa imejaa vumbi na maji ikakwama. Anayekuja nyuma yao anaona wekundu wa wati 21 usiobadilika kuanzia Soni hadi Mombo. Siku watakayofunga breki kweli, hataona chochote kipya. Kwangu mimi hiyo ni sawa na taa iliyokufa.

Nao waliniuliza swali zuri. Tukishuka na gia ya pili bila kugusa breki, taa inawaka? Haiwaki. Injini inakushika, mwendo unapungua sana, na nyuma hakuna dalili yoyote. Kushuka kwa gia ni vizuri, breki zetu hizi za ngoma zikipata moto zinapoteza nguvu, na ile barabara inazipa moto kweli. Ila kabla ya kona gusa pedali kidogo, mara mbili, taa ipepese, ndipo uiachie gia ifanye kazi. Swichi iliyorekebishwa vizuri inawasha taa pedali ikiwa imeshuka kidogo tu, kabla breki haijaanza kushika. Mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni karibu mita 17 kila sekunde. Taa ikitangulia breki kwa nusu sekunde, umempa wa nyuma mita nane.

Mama alirudi baada ya wiki mbili. Nilishuka kumpokea Mombo, jicho la kulia likiwa limeshafunguliwa kitambaa, ana miwani nyeusi ya hospitali. Nilishamweleza kwenye simu habari ya waya, na kabla hajapanda alikataa kunipa begi lake. Akamwita kijana aliyekuwa anauza machungwa pale, "Mwanangu, hebu kaa hapo nyuma kidogo." Kijana akakaa. Mama akazunguka nyuma ya pikipiki, akavua miwani, akainama.

"Kanyaga."

Nikakanyaga.

"Imewaka," akasema. "Achia. Kanyaga tena. Sasa ya mkono."